Namna ya kupanga sizoni zako bora za mwaka na kuzitetea mbele ya watu

Anza na daftari, na uanze Januari. Ukingoja Desemba ndiyo ujiulize ulitazama nini, kichwa kitakuletea za Oktoba na Novemba tu, za mwanzo wa mwaka zitadhulumiwa. Mimi ni nesi hapa Dodoma na kuandika nimeshazoea, maana jambo lisilokuwepo kwenye kitabu cha ripoti, anayepokea zamu anahesabu halikutokea. Daftari langu la sizoni lina mambo machache: jina, nilipoipata, na sentensi moja niliyoandika usiku uleule kabla ya kulala. Sentensi hiyo usije ukaisahihisha baadaye. Ndiyo itakayokuambia kama uliipenda kweli au ulifuata mkumbo.

Halafu amua mwaka wenyewe ni upi. Huku kwetu sizoni zinafika kwa njia nyingi: kisimbuzi, bando, au kijana wa Majengo anayekurushia kwenye flashi. Kilichotoka Januari unaweza kukipata Agosti. Sheria yangu ni kwamba iwe imetoka mwaka huo na niwe nimeimaliza mwaka huohuo. Kwa hiyo kwenye orodha ya 2025 msimu wa pili wa Severance, ile ya wafanyakazi waliotenganishwa kumbukumbu za kazini na za nyumbani, unaingia, maana ulianza Januari baada ya watu kuungoja karibu miaka mitatu. Msimu wa kwanza hauingii, hata kama wewe umeujua juzi.

Tamthilia ndefu za nyumbani zipe ukurasa wake. Huba, iliyoanza Maisha Magic Bongo mwaka 2017, huwezi kuiweka kwenye mizani moja na hadithi ya sehemu nne. Hizi ndefu mimi nazipima kwa zamu za usiku. Nikikosa wiki nzima, kisha mwenzangu akanimalizia yote yaliyopita kabla maji ya chai hayajachemka, najua waandishi walikuwa wanavuta muda. Akianza kusimulia akakwama, akasema "hapana, hii lazima uione mwenyewe", naweka alama ya vema. (Mzee mmoja jirani yangu kila mwaka ananitajia Bunge la bajeti kuwa kipindi chake bora. Linaanza Aprili, linaisha mwisho wa Juni, lina wagomvi na wachekeshaji. Nimemwambia atafute ukurasa wake naye.)

Sasa kazi yenyewe. Chukua kila jina ujiulize: hii nilimsimulia nani bila kuulizwa? Adolescence nilimsimulia mdogo wangu kwenye daladala la Nkuhungu, ile sehemu ya tatu. Mtoto wa miaka 13, Jamie, anatuhumiwa kumuua msichana wa shuleni kwao. Yuko chumbani na mwanasaikolojia aliyemletea kikombe cha chokoleti ya moto na kipande cha sandwichi. Wanaongea tu. Hakuna bunduki, hakuna kukimbizana, na kamera haikati hata mara moja, kwa sababu kila sehemu ya sizoni ile imepigwa kwa mkupuo mmoja toka mwanzo hadi mwisho. Tulifika kituoni nami sijafika mtoto anapoinuka kwa hasira. Squid Game, ile ya Korea ya michezo ya kufa na kupona, msimu wake wa tatu uliotoka Juni niliumaliza haraka, lakini nilipotaka kuusimulia nilikuta nakumbuka michezo, watu siwakumbuki. Nikaukata.

Ikitokea sizoni inahusu kazi unayoifanya, itazame kwa jicho la kazi na usiihurumie. Msimu wa kwanza wa The Pitt una sehemu 15, kila moja ni saa moja ya zamu moja katika idara ya dharura huko Pittsburgh. Daktari ni Noah Wyle, na wengi watakuambia ndiye stelingi. Kwangu stelingi ni Dana, nesi kiongozi, anayechezwa na Katherine LaNasa. Mimi naangalia mikono: glavu zinavaliwa lini, kifua cha mgonjwa kinabonyezwa kweli au kinapapaswa, nani anafuta damu sakafuni. Naangalia pia wagonjwa waliokwama hapo dharura kwa sababu wodini hakuna nesi wa kuwapokea, na sizoni hii hilo inalisema wazi, daktari na utawala wanagombana juu yake. Kisha Dana anapigwa ngumi na mgonjwa aliyechoka kusubiri. Kila nesi niliyemwonyesha kipande hicho alinyamaza kwanza, halafu akaanza kunisimulia cha kwake.

Tuzo ziangalie ukishapanga, kamwe si kabla. Emmy, tuzo za televisheni za Marekani, za Septemba 2025 ziliipa The Pitt tuzo ya tamthilia bora, na nilifurahi kama nimepandishwa daraja mimi. Lakini The Studio, vichekesho kuhusu watengeneza filamu, ilizoa 13 na mimi haikunichekesha. Nusu ya utani wake unataka uwajue wakubwa wa Hollywood kwa sura.

Zisizidi tano, na nafasi ikibaki wazi iache wazi. Zangu ni The Pitt, Adolescence, msimu wa pili wa Andor (ile ya ulimwengu wa Star Wars), na Severance. Ya tano sina. Mbele ya kila jina andika inamfaa nani, maana watu hawatakuuliza ipi bora, watakuuliza waanze na ipi. Kabla hujajibu, muulize mtu ana bando kiasi gani na kesho anaamka saa ngapi. Mwenye usiku mmoja mpe Adolescence, ni saa nne hivi. Andor ilitoka sehemu tatu kila wiki, na hivyohivyo ndivyo inavyoliwa vizuri: tatu, upumzike, tatu tena. The Pitt mpe aliye likizo. Na kama ni daktari, mwambie amwangalie Dana.