Saa 50 za muuguzi wa meno Uingereza

Wenzangu mnaosaidia madaktari wa meno huku Uingereza, msingoje mwaka wa tano ndipo mhangaike na vyeti. General Dental Council, baraza linalosimamia taaluma ya meno, inamtaka muuguzi wa meno atimize saa 50 za mafunzo ya kujiendeleza yenye vyeti katika miaka 5, zikiwemo angalau saa 10 kwa kila miaka 2 inayofuatana. Mwaka wetu wa mafunzo huanza tarehe 1 Agosti.

Andika kwanza mpango wako wa kujiendeleza. Mafunzo ya dharura za kitabibu yamependekezewa angalau saa 2 kila mwaka. Nakusihi uyafanye kwa vitendo. Shika kinyago cha oksijeni, jua adrenalini iko droo gani. Mgonjwa akizimia kitini, video haitakusaidia.

Cheti kikifika, kagua jina, mada, malengo, tarehe na idadi ya saa. Kikiwa na upungufu, kirudishe siku hiyohiyo.