Namna ya kuanzisha baraza la kahawa la wazee wenye ugonjwa wa kusahau na walezi wao

Dada mmoja wa Muheza anayemtazama mama mkwe wake ameniomba nimweleze tunavyoendesha baraza letu hapa Ngamiani, Tanga, ili na wao waanzishe la kwao. Nilimjibu kwa sauti za WhatsApp, zikawa ndefu hata mwenyewe nikachoka kuzisikiliza. Nimeona bora niandike, na yeyote mwenye mzee nyumbani mwenye Alzeima au aina nyingine ya demensia achukue linalomfaa.

Mara moja kwa mwezi mzee na mlezi wake wanakuja pamoja. Wanakunywa kahawa, wanaimba, wazee wanashika kazi ndogo za mikono, na walezi wanapata nusu saa yao ya kusema ya moyoni. Si kliniki wala semina. Huko Uholanzi mwanasaikolojia Bère Miesen alianzisha mikutano ya namna hii mwaka 1997, ikaitwa Alzheimer Café, na leo iko nchi nyingi. Kwao katikati kuna mtaalamu anayetoa mada. Mimi hiyo mada nimeifuta. Watu wetu wakiona mtu kasimama mbele na karatasi, wanakunja mikono na kusubiri posho.

Hatua ya 1: Tafuta familia sita, zisizidi nane

Usitangaze kwa kipaza sauti msikitini wala kanisani. Nyumba nyingi zenye mgonjwa huyu zinamficha, kwa kuwa majirani wameshasema karogwa au kazeeka vibaya. Nenda na mhudumu wa afya ngazi ya jamii au mjumbe, nyumba kwa nyumba, jioni watu wakiwa wamepumzika. Waite kwenye kahawa, usiwaite kwenye ugonjwa. Akitokea wa kukwambia kwamba maradhi haya ni ya Wazungu, mwambie kuwa utafiti uliofanywa wilayani Hai, Kilimanjaro, ulikuta karibu watu 6 katika kila 100 wenye miaka 70 na zaidi wana demensia.

Angalizo moja hapa. Mzee aliyekuwa mzima wiki iliyopita, kisha ndani ya siku mbili tatu akaanza kuweweseka au kutojua alipo, huyo si wa baraza. Huyo apelekwe hospitali leo. Inaweza kuwa malaria, maambukizi ya njia ya mkojo, upungufu wa maji mwilini, au dawa alizopewa. Hata anayesahau polepole apimwe kwanza, maana tezi ya shingo, upungufu wa vitamini B12 na sonona navyo huleta usahaulifu, na hivyo vina tiba. Hospitalini ulizia dirisha la wazee.

Hatua ya 2: Siku na saa

Jumamosi, saa 3 asubuhi hadi saa 5 na nusu. Alasiri hapana kabisa. Jua likianza kushuka wengi wao hubadilika, wanataka kwenda kwao wakati wako kwao. Mkiingiliana na msiba mtaani, ahirisheni bila kujadiliana.

Hatua ya 3: Mahali

Ua wa nyumba ya mtu unashinda ukumbi wowote. Ukumbi una mwangwi, na mgonjwa akishindwa kujua sauti inatoka wapi anaanza kuhangaika. Unataka ua wenye kivuli, lango lenye komeo, na kijana wa kukaa langoni asiyeonekana kama mlinzi.

Angalia chini. Jamvi jeusi au zulia la rangi nzito, kwa macho ya mgonjwa, linaweza kuwa shimo, na utamwona anasimama ukingoni hataki kukanyaga. Sakafu ya vigae vinavyong'aa anaweza kuiona ni maji. Sisi tumekunja majamvi yote na kubaki na saruji tupu. Viti viwe na mikono ya kujiinulia, vipangwe duara. Choo kiwe karibu, mlango uachwe wazi ili kionekane.

Hatua ya 4: Kahawa

Kahawa chungu iletwe, maana harufu yake peke yake inawaweka watu barazani. Ila ipoe kidogo, na itiwe kwenye vikombe vyenye mkono badala ya vile vidogo vya wauza kahawa vinavyochoma vidole. Kashata waachie walezi. Wazee wape mkate wa kumimina, kitumbua au ndizi mbivu, kwa kuwa wengine meno hayapo na wengine wamesahau kutafuna wakapaliwa. Uliza kwanza nani ana kisukari.

Hatua ya 5: Kuanza

Anzeni kwa wimbo uleule kila mwezi. Baada ya hapo muziki wa kusikiliza, na mziki mnene ukatazwe. Simu na spika ndogo vinatosha. Vijana wetu walileta "zilipendwa", kumbe ni bongofleva ya 2005. Piga hesabu: mzee aliyezaliwa 1946 alikuwa na miaka 15 hadi 25 kati ya 1961 na 1971, basi huko ndiko pa kutafuta. Tanga tuna bahati, miaka hiyo mji ulikuwa na Jamhuri Jazz, Atomic Jazz, na taarabu ya Black Star na Lucky Star. Yupo bibi wetu asiyemjua mwanawe kwa jina, lakini kinanda kikianza anaimba beti zote, na anamkata jicho anayekosea.

Kisha mazungumzo. Hapa nafuata kanuni ya tiba ya vikundi iliyotengenezwa Uingereza na kujaribiwa hukohuko Hai, mikutano 14 ndani ya wiki 7: uliza maoni, usiulize kumbukumbu. Maswali ya "unanikumbuka?" na "jana ulikula nini?" ni mtihani, na mzee anajua kuwa anafeli. Muulize, "Babu, kahawa hii imeiva au wametudanganya?" Hapo hakuna jibu la makosa. Mashabiki wa Coastal Union na wa African Sports, timu zetu za mpira, wakianza kutaniana, kaa kimya, wamekufanyia kazi yako.

Hatua ya 6: Kumtoa mlezi pembeni

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo mabaraza mengi yanapovunjikia.

Mlezi anahitaji muda bila mzee wake. Hawezi kusema mbele ya mama yake kwamba hajalala usiku kucha, kwamba juzi alipigwa kofi akimwogesha, kwamba kaka zake walioko Dar wanatuma ushauri na vocha basi. Lakini mzee mwenye demensia mara nyingi humganda mlezi, kwa sababu ile sura ndiyo kitu pekee alicho na uhakika nacho. Mlezi akisimama, naye anasimama. Mmoja akianza kulia, wote wanachafukwa.

Kazi inaanzia langoni. Kila mzee awe na mwenyeji wake mmoja, yuleyule kila mwezi. Anampokea kwa shikamoo, anataja jina lake mwenyewe bila kungoja akumbukwe, anambebea mkoba, anakaa naye tangu kahawa ya kwanza. Ukifika muda wa kutengana, wameshazoeana. Wanafunzi wa mazoezi ya vitendo siwapendelei kwa kazi hii. Wanakuja muhula mmoja, wanapigiwa muhuri, wanapotea. Nitamchukua mama wa jirani asiye na cheti, mradi mwezi ujao atakuwepo.

Pili, walezi wasipotee machoni. Wetu wanakaa chini ya mwarobaini upande wa pili wa ua, mzee akiinua kichwa anaiona khanga ya mwanawe. Chumba chenye mlango hakifai hata kikiwa na feni. Mlezi akae amewapa wazee mgongo. Mzee anauona mgongo na nguo, haoni machozi. Na hili ni muhimu zaidi kwa wazee wasiosikia vizuri, maana akiona midomo inacheza bila sauti anaamua kuwa anasengenywa. Redio iwe katikati, chini kwa chini, ili maneno yasivuke.

Tatu, mikono iwe kazini kabla mlezi hajasimama. Kazi ianze, mzee azame humo, wimbo mzima upite, ndipo mlezi ainuke. Ukianzisha kazi baada ya mlezi kuinuka umechelewa. Kazi yenyewe iwe ya kweli: kuchambua choroko zitakazopikwa mchana, kusuka ukili, kukunja leso, kucheza bao hata kama sheria zimeshapotea njiani. Usimpe choroko uliyoichambua ukamchanganyia mchanga, atajua. Vitabu vya watoto vya kupaka rangi sivitaki barazani kwetu. Tuna mzee aliyefanya kazi korona, ile mashine ya kuchakata mkonge, si ugonjwa. Maneno yamemwishia karibu yote. Tulimletea fungu la singa, yaani nyuzi za mkonge. Akazichana kwa vidole, akawa anavuta zile fupi moja moja na kuzitupa pembeni, ndefu anazilaza vichwa vikiwa sawa. Kijana aliyekaa naye akachomeka fupi katikati ya ndefu, mzee akampiga kibao cha mkono: "Hiyo inashusha daraja!" Mkewe alikuwa chini ya mwarobaini muda wote huo, hakuulizwa hata mara moja.

Nne, kuaga. Kuna wanaofundisha kwamba mlezi achomoke kimyakimya mzee akiwa ameshughulika. Nawapinga. Mzee atasahau kwamba ulichomoka, lakini ile hofu inabaki mwilini, na mwezi ujao atakushika mkono tangu langoni. Aga kwa sentensi fupi, mara moja: "Mama, naenda pale chini ya mti kunywa kahawa. Nakuachia mtandio wangu." Uweke mapajani mwake, uende. Usimalizie na "sawa mama?" kwa kuwa ukiuliza utajibiwa hapana.

Sasa mambo yanayoharibika. Mzee mwenye kudhani anaibiwa usimwachie mkoba wenye fedha, ataificha, na mtaitafuta hadi adhuhuri. Mume anayeamini mkewe anakwenda kwa wanaume wengine, na hili ni dalili ya ugonjwa kwa baadhi yao, asione mwanamume yeyote chini ya mwarobaini. Sisi walezi wanaume tunawapa upande wa jikoni, na hawajalalamika, mapochopocho yako huko. Bibi anayemwulizia mama yake aliyefariki zamani, mwenyeji asimwambie "alishakufa," kwa sababu kwake huo ni msiba mpya kila anapousikia. Wala asimdanganye kwamba yuko njiani. Aulize, "Mama yako alikuwa akipika nini siku ya Idi?" na ampe nafasi ya kueleza.

Mzee akisimama, msimkalishe kwa nguvu. Mwenyeji aende naye hadi kwenye mwarobaini, amwone mwanawe, warudi polepole kwa njia ya mbali. Akisimama tena, vilevile. Akisimama mara ya tatu, mlezi arudi akae naye, na wiki hiyohiyo mlezi mwenzake amfuate nyumbani wakazungumze. Mwezi huo ndiyo imetoka hivyo.

Kwenye mwarobaini penyewe hakuna ajenda. Ninalokataza ni "vumilia" na "Mungu atakulipa." Mlezi ameyasikia hayo kwa kila mgeni aliyepita nyumbani kwake. Anayetaka kusaidia aseme siku gani atakuja kumshikia zamu akalale. Nusu saa ikitimia, rudini, hata kama hadithi imenoga.

Hatua ya 7: Kufunga

Wimbo uleule wa mwanzo. Hesabu watu langoni.

Hatua ya 8: Fedha

Msingoje mfadhili. Kila familia inaleta kitu cha kutafuna, mwenye ua anatoa maji na mkaa, daftari linashikwa na mtu mwenye mwandiko unaosomeka. Mtoe taarifa kwa mwenyekiti wa mtaa, na kama mtaa wenu una baraza la wazee, mwenyekiti wake mwalikeni kahawa. Septemba, kwa kuwa tarehe 21 ni siku ya Alzeima duniani, watatokea watu wanaotaka kuja na bango na kamera. Wakaribisheni saa 6, wazee wakiwa wameshaondoka.

Mzee akifariki, mlezi wake aitwe mwezi unaofuata kama kawaida. Wenyeji wetu wawili walio hodari kuliko wote ni watu waliokwisha kuzika.

Gharama kubwa itakuwa bajaji. Mzee hapandi daladala ya kugombania, na mlezi hawezi kulipa kwenda na kurudi kila mwezi. Mchango wa familia uelekezwe huko kwanza kabla ya sukari. Mchukueni dereva mmoja, awe yeye kila mara, awazoee wazee na wao waizoee rangi ya bajaji yake. Afike nyumbani robo saa kabla, kwa sababu kumvisha viatu mtu asiyetaka viatu hakuharakishwi. Apewe namba ya mlezi, na aambiwe mapema asipige honi mlangoni.