Kabla hujapanda boti Mkoani

Godoro, ndoo na vyeti utavikumbuka, na ukivisahau mama atakukumbusha. Kinachosahaulika ni kujiuliza unakwendea nini. Wengi tunaotoka Pemba kwenda kusoma chuo kikuu Tunguu, Unguja, huondoka na jibu la wazee: ajira. Si jibu baya, lakini halitoshi usiku ukiwa umechoka na bumu, yaani fedha za mkopo wa wanafunzi, limechelewa. Edward Deci na Richard Ryan, wanasaikolojia wa Marekani, walionesha kuwa anayesoma kwa kupenda mwenyewe hudumu kuliko anayesukumwa na zawadi au adhabu. Basi andika swali moja la fani yako unalolitaka wewe. Mimi nilikwenda kusoma kilimo, nikaandika: kwa nini mikarafuu ya babu inakauka imesimama? Swali hilo lilinifungulisha vitabu ambavyo hakuna mwalimu aliyeniagiza.

Halafu jitazame ulivyo, kwa ukweli, kwa sababu ratiba ya mwenzako haitakufaa. Kama wewe ni mtu wa watu, kujifungia chumbani utakuweza siku mbili tu. Tafuta wenzako wawili mfundishane baada ya Isha. Kama una haya, andika maswali yako na umfuate mwalimu ofisini kwake. Mwenye kuahirisha ndiye ninayemhofia zaidi, maana katika tabia zote, utaratibu na kujituma ndiko kunakoendana zaidi na matokeo mazuri. Huyo asiseme “nitasoma kesho”. Aseme: nikimaliza kuswali Alfajiri, nakaa pale barazani, kurasa tano. Saa na mahali vikishajulikana, mwili huzoea.

Madesa, yaani notsi za masomo, utapewa mengi sana. Usiyasome tu kwa kuyarudia. Mwaka 2006 wanasaikolojia Roediger na Karpicke waliwapima wanafunzi: baada ya dakika 5, waliorudia kusoma walikumbuka zaidi, baada ya wiki, waliojipima wenyewe waliwapita. Kwa hiyo funga desa, chukua karatasi tupu, andika unachokumbuka, kisha fungua usahihishe kwa kalamu nyekundu. Inauma mwanzoni, hasa ukiona wekundu umejaa ukurasa. Endelea. Sapu nyingi (mitihani ya kurudia) nilizoziona zilitoka kwa watu waliosoma sana lakini hawakujipima hata mara moja.

Na daftari lenye swali lako usilitie kwenye sanduku. Liweke kwenye mkoba wa mkononi, safari ya boti ina muda wa kutosha wa kuongeza la pili.