Picha yako imetoka gazetini bila ruhusa: jinsi ya kudai malipo

Umefungua tovuti ya gazeti ukakuta picha yako ya mafuriko, na chini yake wameandika "Picha kwa hisani ya mtandao". Hisani hutolewa na mwenye mali, na hapa mwenye mali hakuulizwa. Hata hivyo, usianze kulalamika hadharani. Wakishtuka wataifuta, na ushahidi utakwenda nayo.

Piga skrinishoti ya ukurasa mzima, anwani na tarehe zionekane. Kisha bandika anwani hiyo kwenye web.archive.org na uihifadhi, kwa sababu nakala ile ina tarehe ambayo hukuiandika wewe. Kama ni gazeti la karatasi, nunua nakala mbili. Kama ni runinga, rekodi kipande chenye nembo ya kituo. Baada ya hapo tafuta picha hiyo kwa Google Lens na TinEye, maana mara nyingi blogu nyingine zimeshaichukua kutoka kwa aliyeanza.

Faili la awali lisiguswe. WhatsApp huibana picha na kufuta taarifa zake za ndani, kama saa ya kupigwa na aina ya kamera, kwa hiyo ukimtumia mtu, itume kama faili, si kama picha. Ushahidi mzito kuliko wote ni picha ulizopiga sekunde chache kabla na baada ya hiyo. Aliyeichukua anayo moja tu.

Hakimiliki huanza pale unapopiga. Kenya na Tanzania zimo katika Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, ambao hauweki sharti la usajili, ingawa kusajili KECOBO (ofisi ya hakimiliki ya Kenya) au COSOTA (ya Tanzania) hukurahisishia kuthibitisha umiliki. Kuiweka mtandaoni pia si kuigawa bure. Daniel Morel aliweka picha zake za tetemeko la Haiti la 2010 kupitia Twitter, shirika la habari la AFP na wakala wa picha Getty wakazisambaza bila ruhusa, na mwaka 2013 baraza la wazee wa mahakama (jury) huko New York likamkadiria fidia ya dola milioni 1.2. Yeye alikuwa mpiga picha wa kazi. Wewe usitarajie kiasi hicho.

Sasa mwandikie mhariri barua pepe, nakala kwa idara ya fedha, na uambatishe ankara. Taja picha, tarehe, mahali ilipotumika, bei, namba ya kulipia na siku 14 za kulipa. Bei itokane na kitu: ukurasa wa mbele au wa ndani, muda wa matumizi, na kama waliitumia pia Facebook. Ukitaja kiasi cha ndoto, barua itapelekwa kwa wakili na utasubiri miezi.

Wakijibu "tumeshaiondoa", waambie ankara ni ya siku ilizokaa. Wakijibu "tulikutaja jina", jina si malipo. Jibu gumu ni "tuliripoti tukio". Sheria ya Kenya huruhusu matumizi ya haki, yaani bila kuomba ruhusa, katika kuripoti matukio ya sasa, chanzo kikitajwa. Hapo kumbusha kwamba "mtandao" si chanzo.

Wakikubali bei, ipate kwa maandishi. Kuanzia hapo ni deni, na Kenya deni lisilozidi Sh1,000,000 linaweza kupelekwa Mahakama ya Madai Madogo. Pesa ikija pungufu, uliza kama wamekata kodi ya zuio, ile ambayo mlipaji huikata na kuipeleka serikalini, na udai cheti chake.

Wengi hupoteza haki yao mapema zaidi, kwenye ujumbe wa "Habari, naomba kutumia picha yako, tutakutaja". Ukijibu "sawa", unaweza kuhesabiwa umetoa ruhusa ya bure bila kuweka mwisho. Jibu hivi:

"Asante. Picha inapatikana kwa Sh___, tovuti yenu pekee, siku 30, bila kuikata wala kuwapa wengine. Jina langu liandikwe chini yake. Nitatuma faili kubwa malipo yakiingia."