Kutembea Nairobi msimu wa mvua: angalia saa, udongo na viatu

Masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba si sababu ya kujifungia nyumbani. Mvua ya Nairobi mara nyingi hushuka alasiri, jioni au usiku, na asubuhi nyingi huwa kavu hata Aprili. Ndiyo maana saa ya kutoka ni muhimu kuliko mwavuli. Soma utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa usiku uliotangulia, fika kwenye lango la msitu au bustani saa moja au saa mbili asubuhi, na uwe umemaliza kabla ya saa saba mchana. Ukichelewa, mvua itakukuta ndani kabisa ya msitu, na ukifika barabarani utakuta nauli ya matatu imeshapanda.

Mahali pa kwenda patafute kwa kufuata udongo. Kaskazini na magharibi mwa jiji, yaani msitu wa Karura na bustani za Arboretum na City Park, ardhi ni nyekundu. Hunywa maji vizuri, na saa chache bila mvua zinatosha njia tambarare kushika. Miteremko ni hadithi nyingine: tabaka jembamba la juu hulainika huku chini kukiwa kugumu, na hapo ndipo watu huanguka, hasa palipopita baiskeli. Shuka kwa hatua fupi, ukikanyaga kwa unyayo mzima na kupita pembeni penye nyasi.

Kusini na mashariki kuna udongo mweusi wa pamba. Huo hufura ukilowa na kung'ang'ania kiatu hadi kila mguu uwe mzito. Gari dogo likiacha barabara ya murram ndani ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi baada ya mvua kubwa, litakwama, na huko hushuki kusukuma ovyo kwa sababu kuna simba. Siku kama hiyo ni afadhali Safari Walk iliyo karibu na lango kuu la Lang'ata, ambako unatembea juu ya njia ya mbao iliyoinuliwa. Mbao zilizolowa huteleza, kwa hiyo mshike mtoto mkono. Mwenye kigari cha mtoto aende Uhuru Park, kwenye njia zilizosakafiwa.

Viatu ndivyo huamua kama utafurahia. Gambuti zinafaa kwa kilomita moja au mbili; zaidi ya hapo kisigino hucheza ndani na kuchubuka. Kwa matembezi marefu ya Karura vaa raba zenye meno marefu chini, na soksi za sufu au nailoni. Soksi za pamba hukaa na maji na kuleta malengelenge. Beba jozi ya pili ya soksi.

Chupa za plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku kwenye mbuga na misitu ya hifadhi tangu Juni 2020, na mifuko ya plastiki ya kubebea nchi nzima tangu 2017. Beba maji kwenye chupa ya kudumu. Simu na kiberiti vitie kwenye mkebe wa chakula wenye kifuniko kinachokaza. Hauvuji hata ukianguka kwenye dimbwi. Badala ya leso, ambayo hunyonya maji ya nyasi mara moja, tandika kipande cha turubai. Chakula kiwe ndani ya begi lililofungwa zipu, maana tumbili wa City Park na Arboretum hawaombi.

Ukiona radi, anza kuhesabu. Ngurumo ikifika kabla ya sekunde 30, radi iko ndani ya kilomita 10 hivi, na ni wakati wa kuingia kwenye jengo au gari. Usijikinge chini ya mti. Mikaratusi hudondosha matawi hata bila radi. Mto ukiwa wa kahawia na mawe ya kuvukia hayaonekani, geuka urudi ulikotoka. Maji hupanda kutokana na mvua iliyonyesha mbali, juu yako kukiwa kweupe.

Siafu hutembea sana mvua ikianza. Chomeka suruali ndani ya soksi, na wakikupanda, ondoka kwanza kwenye msafara wao ndipo uwatoe mmoja mmoja. Nairobi fly, yule mdudu mwembamba mwenye mistari myekundu na myeusi, usimpige wala kumsugua: sumu hutoka akipondwa, na ngozi hubabuka siku moja au mbili baadaye. Mpulize aondoke. Akipondwa, osha kwa sabuni papo hapo na usiguse macho.

Nyumbani, acha tope la viatu likauke kabla ya kulipiga brashi, kwani tope bichi huingia ndani ya kitambaa. Toa soli za ndani, jaza magazeti, na uyabadilishe baada ya saa mbili. Usiviweke karibu na jiko, gundi huachia.