Websaiti yako ionekane Google: mwongozo kwa wenye biashara Mtwara na Lindi

Wenye biashara wengi huku Kusini wameshatengenezewa websaiti, zipo nzuri tu, picha za bahari ya Mikindani zinapita zenyewe pale juu, ila ukienda Google ukaandika biashara wanayofanya hawapo. Anayewafikia ni yule aliyetumiwa linki WhatsApp, yani mtu anayewajua tayari. Hizi hatua ni za bure, zinataka bando na jioni chache, na si lazima uwe fundi.

Hatua ya 1. Angalia kama Google inakujua. Andika site: alafu unganisha hapohapo jina la websaiti yako bila kuacha nafasi, mfano site:jinalako.co.tz. Zikija kurasa zako poa, endelea. Isipokuja kitu usikimbilie kulipia matangazo kwanza. Kama websaiti yako imejengwa kwa WordPress (programu ya kutengenezea websaiti) ingia Settings kisha Reading, kuna kiboksi pale kinachoiambia Google isiingize websaiti yako, mafundi wanakiweka tiki wakati wa kujenga ili kazi isionekane ikiwa nusunusu, alafu siku ya kukabidhi wanasahau kuitoa. Toa tiki, sevu.

Hatua ya 2. Fungua Search Console, ni huduma ya Google wenyewe ya kuona websaiti yako inavyotokea kwenye majibu yao. Utathibitisha kwamba websaiti ni yako (hapo kama unaona giza mwambie aliyekuuzia domeni, yani jina la websaiti, akusaidie), kisha utapeleka saitimapu, yani orodha ya kurasa zako zote. WordPress tangu 2020 inaitengeneza yenyewe, jaribu kuongeza /wp-sitemap.xml mwisho wa anwani yako utaiona. Ukishapeleka tulia, inaweza kuchukua siku kadhaa au hata wiki kadhaa.

Hatua ya 3. Maneno. Hapa ndo pa kukaa, maana wengi wanaandika websaiti kama barua ya kuomba tenda. "Tunatoa huduma bora za malazi zenye viwango vya kimataifa." Sawa, nani anaandika hivyo Google? Mtu yuko kwenye basi la kutoka Dar, anajua atashuka usiku, anaandika "gesti mtwara mjini bei" au "lodge karibu na stendi mtwara". Kama hayo maneno hayapo popote kwenye kurasa zako, Google itakuonyeshaje?

Njia rahisi ya kuyapata: fungua WhatsApp ya biashara usome wateja wanauliza nini. Kilo ya korosho bei gani? Mnatuma mpaka Dar? Zimebanguliwa au bado na maganda? Kuna maji ya moto? Kila swali linalojirudia lijibu kwenye ukurasa, kwa maneno yaleyale ya mteja, na bei uiweke, mi sielewi kwa nini watu wanaficha bei. Alafu anza kuandika "korosho" kwenye Google usibonyeze kutafuta, angalia inavyokumalizia sentensi, hayo ni mambo ambayo watu wanatafuta kweli.

Kama wateja wako ni watalii hapo lugha inabadilika, tengeneza kurasa za Kiingereza zijitegemee, usichanganye lugha mbili kwenye ukurasa mmoja. Na waandikie wanachohitaji. Unapeleka watu Kilwa Kisiwani? Usiishie kusema ni urithi wa dunia wa UNESCO tangu 1981, hilo lipo kila mahali. Sema boti inatokea wapi, kibali kinapatikana wapi, wabebe nini. Vivyo hivyo Tendaguru kule Lindi, kulikochimbwa mifupa ya dinosaria 1909 hadi 1913 ikapelekwa Berlin, mtu akishausoma huo mkasa swali lake linalofuata ni nafikaje, na barabara masika inapitika? Wewe unayeishi huku ndo unajua.

Hatua ya 4. Taito ya ukurasa, yale maandishi ya kubonyeza kwenye majibu ya Google. Nyingi zimeandikwa "Home" basi. Badilisha iwe hivi: "Korosho zilizobanguliwa Masasi, jumla na rejareja". Kila ukurasa na taito yake, isizidi herufi 60 hivi, ikiwa ndefu inakatwa. Maelezo mafupi ya chini yake hayakupandishi nafasi ila ndo yanamshawishi mtu abonyeze. Akitokea mtu anataka hela akujazie "meta keywords" (maneno yanayofichwa ndani ya ukurasa, msomaji hayaoni), Google walishatangaza 2009 kwamba hawaziangalii.

Hatua ya 5. Picha na simu. Google inaikagua websaiti kama inavyoonekana kwenye simu, na picha ya MB 5 iliyotoka moja kwa moja kwenye kamera inaua kila kitu. Ipunguze iwe chini ya KB 200, na faili usiliache IMG_2034, liite kinyago-cha-mpingo-mmakonde. Kisha jaribu kuifungua kwa bando ukiwa Newala, sio kwa waifai ya ofisini.

Hatua ya 6. Google Business Profile, ili utokee kwenye ramani. Kwa gesti, mgahawa au duka hii inaweza kukuletea wateja kuliko websaiti yenyewe. Pini ikae pale pale ulipo, namba ya simu iwe ileile iliyopo kwenye websaiti. Waombe wateja waliolala kwako waandike maoni, na ukute mtu kalalamika mjibu kwa heshima. Maoni ya kununua achana nayo.

Hatua ya 7. Linki za kuja kwako kutoka websaiti za wengine. Google tangu inaanza 1998 inahesabu nani anakutaja, ila linki za kununua ni kinyume na masharti yao. Omba kwa unaofanya nao kazi kweli, mwenye boti, wakala wa safari, chama chenu cha ushirika.

Ikipita miezi miwili mitatu rudi Search Console, sehemu ya Performance, tafuta maneno ambayo unaonekana nafasi ya 8 mpaka 15. Kurasa hizo ndo za kuanza nazo, ongezea majibu yaliyokosekana, rekebisha taito, kabla hujaanza kuandika ukurasa mwingine mpya.