Jinsi ya kuomba ruhusa ya kwenda Bahama kwa ndege ndogo kutoka Florida, na kurudi bila faini

Kutoka Fort Lauderdale hadi Bimini ni nusu saa hivi kwa Cessna 172. Unaacha ufukwe, maji yanageuka buluu nzito, na kabla chai ya kwenye chupa haijapoa unaona mchanga mweupe mbele yako. Karatasi za hiyo nusu saa zinaweza kukumaliza mwezi mzima. Tena kinachowaponza wengi si kwenda, ni kurudi. Bahama watakupokea kwa muhuri na karibu nyingi. Marekani inataka kujua nani yumo ndani ya ndege, itatua wapi na saa ngapi, kabla magurudumu hayajaacha lami ya kisiwani.

Mwongozo huu ni wa rubani mwenye leseni ya binafsi na ndege iliyosajiliwa Marekani, iwe yake au ya kukodi. Nimeanza na yale yanayochelewa.

Mwezi mmoja kabla

Anza na redio, maana ndiyo husahaulika. Ukiruka ndani ya Marekani hakuna anayekuuliza leseni ya redio. Ukitoka nje zinatakiwa mbili, na zote hutolewa na FCC, tume ya mawasiliano ya Marekani: moja yako wewe mzungumzaji, haina mtihani na ni ya maisha, nyingine ya ndege yenyewe, hudumu miaka 10. Unafungua akaunti kwenye tovuti yao, unapewa namba ya usajili, kisha unajaza fomu 605. Mgeni soma vizuri hapo: kibali cha mzungumzaji kina njia mbili, moja ya wanaoruhusiwa kufanya kazi Marekani na nyingine ya wasioruhusiwa.

Pili, stika ya forodha. Ni ya mwaka mmoja, inanunuliwa mtandaoni kwenye mfumo unaoitwa DTOPS, kisha inaletwa kwa posta. Ibandike karibu na mlango, mahali ofisa ataiona bila kuinama. Ikichelewa kufika, chapisha risiti utembee nayo.

Tatu, karatasi za ndege: cheti cha usajili, cheti cha kufaa kuruka, kitabu cha ndege na hesabu ya uzito. Karatasi ya muda ya usajili, ile anayopewa mtu aliyenunua ndege juzi, haikuvushi mpaka. Subiri cheti kamili. Kama ndege ni ya kukodi, omba barua ya mwenyewe inayosema amekuruhusu kuitoa nje ya nchi, na uisome bima kwa macho yako mwenyewe uone kama Bahama imetajwa. Usikubali kuambiwa "imo" kwa mdomo.

Halafu kuna namba za ubavuni. Ndege nyingi za zamani zina namba ndogo za inchi 3, na kwa safari za ndani zinatosha. Ila ndege inayovuka ADIZ, yaani ukanda wa ulinzi wa anga unaozunguka pwani ya Marekani, inatakiwa kuonyesha namba za inchi 12. Si lazima upake rangi, utepe unakubalika. Mimi nilikaa chini ya bawa na rula, kisu na utepe mweusi jioni nzima, na herufi N ya upande wa kushoto ikatoka imeinama kama mnazi wa ufukweni. Hakuna aliyeilalamikia.

Pasi na viza

Mwenye kadi ya ukaaji wa kudumu abebe kadi pamoja na pasi ya nchi yake. Mwanafunzi mwenye viza ya masomo ya F-1, na wapo vijana wetu wengi wanaosomea urubani Florida, ahakikishe I-20 yake, yaani fomu anayopewa na chuo, ina saini ya karibuni ya ofisa wa chuo ya kuruhusu safari. Mwenye viza ya kutembelea aangalie ni ya kuingia mara ngapi: kama ni mara moja, ulishaitumia siku uliyokuja, na Bimini itakuwa safari ya kwenda tu.

Mtego mwingine ni wa ndugu zetu wenye pasi za Uingereza na Ulaya. Wamezoea kuingia Marekani bila viza, kwa kibali cha mtandaoni kiitwacho ESTA. ESTA inafanya kazi kwenye mashirika ya ndege yaliyosaini mkataba na serikali, na Cessna ya shemeji yako haimo. Abiria wa namna hiyo anahitaji viza halisi ili arudi nawe. Muulize kila abiria mapema, kabla hajalipia hoteli.

eAPIS: hapa ndipo penye kazi

Tangu 2009 kila ndege binafsi inayotoka au kuingia Marekani lazima itume orodha ya waliomo kwa idara ya forodha na ulinzi wa mipaka, CBP, kupitia mfumo wa eAPIS. Jisajili mapema upate namba ya mtumaji. Orodha zinatumwa mbili, ya kutoka na ya kurudi, na kila moja iwe imefika angalau dakika 60 kabla ya kuruka. Kosa la kwanza faini yake ni hadi dola 5,000. Ukirudia, hadi 10,000.

Utajazishwa taarifa za ndege, za rubani, za kila abiria kama zilivyo kwenye pasi, anwani mtakapokuwa, viwanja na saa. Jina liandike vilevile lilivyo kwenye pasi. Kama pasi imekuita Mohamed, usijiandike Muhammad. Ukituma, subiri barua pepe ya ruhusa. Ujumbe wa kusema orodha imepokelewa si ruhusa ya kuruka. Soma mpaka uone maneno yanayokuruhusu kuondoka, kisha uchapishe.

Sasa saa. Mara yangu ya kwanza nilijaza fomu ile usiku huku naongea na dada yangu kwenye simu. Akaniuliza, "Mnaondoka saa ngapi?" Nikamjibu, "Saa tatu asubuhi," na mkono ukaandika 0300. Nililigundua kesho yake, nimeshasimama kando ya ndege, abiria wamevaa kofia za jua. Ikabidi nitume upya na kukaa juani saa nzima nyingine kuisubiri ruhusa. Sisi tuliokulia kwenye saa ya Kiswahili tuwe macho: eAPIS inataka saa za mahali ulipo, na mpango wa safari unataka saa za Zulu, yaani saa za kimataifa za UTC. Majira ya joto, saa tatu asubuhi ya Florida ni 0900 kwenye fomu ya kwanza na 1300 kwenye ya pili. Ziandike zote mbili kwenye kikaratasi kabla hujafungua kompyuta.

Orodha ya kurudi itume ungali nyumbani. Visiwa vingine intaneti yake ni ya kubahatisha. Mipango ikibadilika utatuma nyingine.

Siku ya kwenda

Wasilisha mpango wa safari, ukishapaa uufungue kwa redio, na uombe namba yako maalumu ya transponda, kile kifaa kinachoitambulisha ndege kwenye rada. Usivuke ADIZ ukiwa na 1200, namba ya jumla ya wanaoruka kwa macho. Njiani unatakiwa usiachane na saa uliyoandika kwa zaidi ya dakika 5, wala na mstari wako kwa zaidi ya maili 20 za majini.

Jaketi la kujiokolea livaliwe kabla injini haijawashwa. Likiwa kwenye mfuko nyuma ya kiti halimsaidii mtu, maana hutapata nafasi ya kulivaa ndani ya Cessna inayoshuka. Boti ya kujaza upepo unaweza kukodi hapo Florida.

Kutua kwa kwanza lazima kuwe kwenye kiwanja chenye forodha na uhamiaji: Bimini Kusini, Freeport, Nassau au Exuma, kwa mfano. Kuna fomu ya forodha ya C7A na kadi ya uhamiaji kwa kila mtu. Taarifa za ndege unaweza kuzituma kabla kwenye mfumo wao wa Click2Clear. Uliza hapohapo kibali cha kuzunguka visiwani, na usikipoteze, kwa sababu ndicho kitakachokupeleka Staniel Cay na visiwa vidogo visivyo na ofisa. Bahama hairuhusu kuruka usiku kwa macho, yaani kwa kuongozwa na unachokiona nje badala ya vifaa, kwa hiyo jua likikaribia kuzama uwe chini. Na usidhani kila kisiwa kina petroli ya ndege.

Ukipita Norman's Cay utaona mabaki ya ndege ndani ya maji ya kina kifupi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Carlos Lehder, mlanguzi wa dawa za kulevya kutoka Kolombia, alikigeuza kisiwa hicho kituo cha kupitishia kokeini kwenda Marekani. Utaelewa kwa nini ndege ndogo inayotoka upande ule inaangaliwa kwa jicho kali.

Wanaotaka kuendelea kusini wajue kila nchi ina ombi lake. Kupita juu ya Kuba kunahitaji kibali. Saint-Barthélemy, yenye njia fupi ya kurukia nyuma ya kilima, haikupokei mpaka uwe umefanyiwa mazoezi na kuidhinishwa. Na kuanzia Juni hadi Novemba ni msimu wa vimbunga.

Kurudi

Aga rasmi kwenye kiwanja chenye forodha. Kisha pigia simu ofisi ya CBP ya kiwanja utakachotua, angalau saa moja kabla. Andika uliongea saa ngapi na herufi za jina la ofisa aliyekujibu. eAPIS peke yake haitoshi. Ukitokea kusini huruhusiwi kuipita Florida ukatue mbali ndani ya nchi: unatua kiwanja cha karibu kilichoteuliwa, kama Fort Lauderdale Executive, Opa-locka au Fort Pierce.

Omba tena namba ya transponda kabla ya kuufikia ukanda. Usifike mapema kuliko ulivyosema. Upepo ukikusukuma, punguza mwendo.

Ukitua, nenda moja kwa moja penye forodha, zima injini, mkae mpaka mwambiwe. Asishuke mtu kwenda chooni. Maembe yaliwe Exuma, yasiishie kwenye pipa la ofisa, na anayebeba fedha zaidi ya dola 10,000 aseme mwenyewe.

Mkisharuhusiwa, kabla ya kutafuta chakula, piga simu ufunge mpango wa safari kama ulikuja kwa macho. Ukiuacha wazi, nusu saa baada ya muda ulioandika wataanza kukutafuta baharini, na wewe uko mgahawani unasubiri chipsi.